Albadiri ya Mzee Rushabh

Katoro,
11 Februari 2024

Dada yangu Asteria,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na cherehani inazunguka. Abel hajambo? Mwambie mjomba wake anamsalimu. Mimi huku mzima, ni vumbi la mawe tu linalonikohoza, nalo tumeshazoeana.

Najua utaguna: barua, enzi hizi za simu! Dada, wewe simu yako unaiweka spika hadi wateja wako hapo Kolandoto wananiitikia salamu. Jambo hili si la wateja. Nimempa Sostenes, kondakta wa basi la Shinyanga, na nimemwapisha akukabidhi mkononi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipeleka maziwa kwa Mzee Rushabh, yule Mhindi wa duka la jumla mjini? Mimi darasa la tatu, wewe la sita. Tunatoka Ibadakuli kwa miguu, dumu kichwani kwako, mimi nabeba kipimo. Siku hiyo uliingia jikoni kummiminia mkewe, Mama Bhavna, nami nikabaki nje ya stoo. Mlango wazi, debe la sukari guru wazi. Nikachukua bonge, kubwa kama ngumi ya baba, nikalisokomeza ndani ya kaptura. Tukirudi nikajitia nimebanwa na haja, nikalimaliza lote nyuma ya minyaa. Jioni tumbo likanikata hadi mayu, mama wa watu, akanichemshia mwarobaini.

Siku mbili baadaye tukakuta sebule yao imejaa watu wamekaa chini, viatu nje, moshi wa udi, mzee mmoja anasoma kitabu kwa sauti ya kuimba. Ukaninong'oneza kwamba ile ni Albadiri, kisomo cha kumlaani mwizi. Kwamba aliyekula ile sukari guru tumbo litamvimba, na asipokufa yeye watakufa wanawe, mmoja mmoja. Mama Bhavna akatuletea sahani ya vitu vitamuvitamu, nikakataa, nikidhani ni mtego. Nakushukuru kwa kunionya, dada. Tangu siku ile sijaiba hata njiti ya kiberiti. Ila adhabu haikufutika.

Duara letu, hili shimo tunalochimba, halijatema dhahabu mwaka wa tatu huu, ya wenzetu yanatema kulia na kushoto. Hilo nalivumilia. Lakini mke wangu Vumilia alishapoteza mimba mbili, unajua, na sasa ana nyingine ya miezi mitano. Naogopa, dada. Naogopa mno. Nenda kwa Mzee Rushabh, kama yu hai, umwambie ni mimi, umwombe anifungue. Ikishindikana nitampeleka mke wangu kwao Ushirombo, mtoto akae mbali nami, labda laana itampita.

Mdogo wako,
Mihayo


Kolandoto,
3 Machi 2024

Mdogo wangu Mihayo,

Marahaba. Sisi wazima, Abel yuko kidato cha pili na viatu vinamkataa kila muhula. Mgongo ni uleule. Barua niliipata siku ileile, ila nina sare za shule mbili za kushona, ndiyo maana nimekawia.

Hebu acha utoto. Mtu mzima na ndevu zako, unahangaishwa na sukari guru ya miaka thelathini iliyopita? Mzee Rushabh kazeeka, anatembelea mkongojo, nikamsumbue kwa hilo? Mpeleke Vumilia kliniki, ale mchicha, aache kubeba ndoo. Na msali. Mengine ni maneno tu ya watoto.

Usimpeleke popote.

Dada yako,
Asteria


Katoro,
19 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia huko nako inanyesha. Huku maduara yamejaa maji, tumekaa juu wiki nzima tunatazamana.

Umeniambia ni maneno ya watoto. Dada, maneno ya watoto hayazikwi mara mbili nyuma ya nyumba.

Jumapili nimempeleka Vumilia kwao. Hakulia. Njia nzima aliniuliza swali moja tu: anaitwa nani huyo mwanamke? Nikanyamaza. Ningemjibu nini? Kwamba baba wa mtoto wake ni mwizi aliyesomewa? Sasa kunyamaza kwangu kumekuwa ushahidi. Baba yake, Mzee Ndaki, kanipa hadi mwisho wa mwezi wa tano: nieleze kwa nini nimemrudisha binti yake na mimba tumboni, la sivyo anaita wazee, ng'ombe wanarudi na ndoa imekufa.

Nampenda, dada. Naishi chumba kimoja, lakini tangu aondoke kimekuwa kikubwa, sijui pa kukaa.

Najua unaona haya kwenda dukani kusema mdogo wako mwizi. Basi sema umetumwa na mtu usiyemjua. Nenda tu.

Mdogo wako,
Mihayo


Kolandoto,
4 Aprili 2024

Mdogo wangu Mihayo,

Marahaba. Naitikia ile ya barua iliyopita, maana sijui kama nitaamkiwa tena ukishamaliza kusoma hii.

Nimekwenda. Jumatatu nilifunga kibanda nikaenda mjini. Mzee Rushabh nilimkuta kwenye kiti mlangoni pa duka, masikio yamemgomea kabisa, kwa hiyo siri yako nimeipigia kelele barabarani. "Sukari guru, mzee! Mdogo wangu aliiba!" Watu watatu waliokuwa wananunua chumvi wakageuka. Mama Bhavna akatoka ndani, akanivuta mkono, akaniketisha, akaniletea chai ya tangawizi. Nikamweleza tangu mwanzo. Nilipofika kwenye Albadiri akaweka kikombe chini.

"Albadiri? Sisi?" akasema. "Mama Abel, sisi Wahindu. Albadiri ya Waislamu, tena Kiarabu. Mimi Kiarabu nakijulia wapi?"

Halafu akacheka, Mihayo, akacheka hadi mtandio ukaanguka. Siku ile Bhavna wao alikuwa ametoka hospitali baada ya miezi miwili ya homa, wakaita jamaa zao na mtu wa kuwasomea, wamshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto. Ile sahani uliyoikataa ilikuwa ya shukrani. Hakuna aliyelaaniwa. Na sukari guru je? Waliona debe limepungua, wakasema ni panya, wakaleta paka. Paka mwenyewe alikaa pale miaka kumi na minne, na mama anasema hawajapata tena paka mwema kama yule. "Mwambie mdogo wako asante kwa paka," ndivyo alivyosema. Mzee naye, nilipomrudilia maneno mara ya tatu, akasema nusu ya watoto wa Shinyanga wamekula sukari guru yake, na nusu nyingine walikosa tu nafasi.

Kwa hiyo hujafungwa na chochote. Hujawahi kufungwa, ndugu yangu. Mwanao yuko salama na mikono yako.

Sasa sikiliza la pili, maana hili ndilo lililonikawiza, si sare. Sikukosea siku ile. Nilitunga. Ulitoka nyuma ya minyaa midomo inang'aa, nikakuomba kipande, ukaapa huna kitu. Wiki ileile shuleni kulikuwa na mwenzetu, baba yake kaibiwa baiskeli, wakasoma Albadiri, mtaa mzima ukanywea. Neno lilikuwa jipya mdomoni mwangu, nikatafuta pa kulitumia. Ulipoanza kulia nilifurahi. Miaka kumi na miwili nilikuwa nayo, nikafurahi, halafu nikasahau kabisa. Na wewe unaniandikia kunishukuru kwa kukuonya! Nilisoma, nikaificha barua kwenye droo ya cherehani, nikakujibu ule upuuzi, na wewe ukampeleka mkeo kwao.

Sukari guru ilikuwa ya Mzee Rushabh, naye kasamehe. Nilichokuchukulia mimi sijui hata nikiiteje. Nisamehe, mdogo wangu.

Mama Bhavna anasema mpite mnywe chai, wewe na Vumilia.

Dada yako,
Asteria


Katoro,
15 Aprili 2024

Asteria,

Barua nimeipata.

Nilipofika kwenye paka nilicheka peke yangu hadi wenzangu wakauliza kama duara limetema. Nikaendelea kusoma. Nikaacha kucheka.

Mimba ya kwanza ilipotoka ulikuja hapa, ukakaa siku nne, ukatupikia uji. Nilikuambia siku ile, "Dada, hii ni adhabu yangu." Hukuuliza adhabu ya nini. Hukuuliza!

Ushirombo siendi. Nikimweleza Vumilia haya atasema nimeyabuni, na ningekuwa yeye hata mimi nisingeamini.

Usinijibu.

Mihayo


Ushirombo,
21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Hujambo? Umesema nisikujibu. Sikujibu, nakupa taarifa tu.

Nipo nyumbani kwa wakwe zako tangu jana. Nilipanda basi hadi Kahama, nikaunganisha, mgongo unajua wenyewe. Ni kweli sikuuliza adhabu gani. Nilidhani unasema tu kama watu wanavyosema wakifiwa. Sijitetei.

Nimekaa mbele ya Mzee Ndaki na mkewe na Vumilia, nimesema yote, yako na yangu. Mzee alikuwa amenuna, fimbo magotini, anangoja jina la mwanamke. Nilipotaja sukari guru akaniambia nirudie. Nikarudia. "Gashi!" akasema, kumbe ndiyo hivyo, akanyanyuka akatoka, tukamsikia anacheka peke yake zizini. Vumilia hakucheka. Alisema, "Wifi, mwezi mzima namtukana mke mwenzangu, kumbe mke mwenzangu ni sukari guru." Ndipo akalia, nami nikalia, tukahamia jikoni, hadi mama yake akatufukuza, eti tunamtilia machozi kwenye mboga.

Amekukasirikia, nisikufiche. Si kwa kuiba. Ni kwa kumwacha akushuku bure wakati ulimi unao. Hilo siwezi kukusemea, njoo ulijibu mwenyewe. Ukija hutanikuta, kesho alfajiri narudi Kolandoto. Kama hutaki kuniona, nimeelewa.

Dada yako, ukinikubali,
Asteria


Katoro,
6 Mei 2024

Dada yangu Asteria,

Shikamoo. Hatujambo, wote wawili na huyo wa tatu. Mgongo unaendeleaje baada ya safari ile? Mwache Abel afue mwenyewe, usiiname.

Hasira ilinikaa wiki mbili. Nilikuwa nakujibu shimoni: napiga mwamba, nakusema, napiga, nakusema, wenzangu wakadhani nimepandwa na pepo. Halafu siku moja nikagundua nimeshuka duarani bila kusema yale maneno yangu. Tangu nianze kazi hii, kila nikishika kamba nilisema moyoni, "Mzee Rushabh, nisamehe, nisifie humu." Siku hiyo nilikuwa nimeyasahau. Nikakaa juu ya jiwe nikavuta pumzi, ikaingia hadi chini kabisa. Dada, nimepata nafuu ambayo siwezi kukuandikia ikatosha.

Kidogo imebaki. Hiyo nitakuja kuimalizia mbele yako, uniandalie michembe ya viazi kwa karanga, niwe nakula nakufokea.

Ushirombo nimekwenda. Mzee Ndaki alinikaribisha kwa uso mkavu, akaniuliza kama nyumbani kwake kuna chochote nimeshachukua, nimwambie mapema asije akalaumu panya. Nilitamani ardhi inimeze. Vumilia hakunirahisishia. Alininyamazia siku nzima ili nionje, halafu akasema, "Siku nyingine ukiogopa, tuogope wote." Nikamwambia sawa.

Kwa Mzee Rushabh tutapita, mtoto akishazaliwa na kupata nguvu za safari. Wewe umeniombea msamaha na nimeupokea, lakini wizi ulikuwa wangu, nataka niutamke kwa mdomo wangu, hata kama ni kwa kelele za barabarani.

Sasa hili sijamwambia mtu. Tangu mimba hii iingie sikuwahi kumgusa Vumilia tumbo. Yeye alidhani nimemkinai. Mimi niliuogopa mkono wangu, huu wa kulia, ule uliochukua. Jana stendi ya Ushirombo tunangoja basi, amekaa juu ya begi, soda mkononi, akaniuliza, "Mbona humsalimii mwanao?" Watu wamejaa, wapiga debe wanapiga kelele. Nikaweka mkono. Kwanza kimya. Halafu kakanipiga teke, dada, hapa katikati ya kiganja, teke la nguvu kweli! Nikauhamishia upande wa pili, kakanifuata kakapiga tena. Vumilia anacheka, mimi machozi yananitoka mbele za watu, wala sikuona haya. Basi likaja, likajaa, likaondoka.

Tulipanda la pili.

Mdogo wako,
Mihayo