Viazi Vikiiva, Ndege Imefika

Baba Upendo,

Kamwene. Nimekaa jikoni, mtoto amelala mgongoni, nakuandikia kwa penseli yako ile uliyoitafuna. Usiangalie mwandiko, mkono umechoka.

Leo asubuhi simu imefika bomani kwamba ndege imeondoka Mbeya. Nimeinjika viazi kama ulivyonizoeza. Bwana Shauri, mkubwa wa boma, ana saa yake, wewe ulikuwa na chungu changu. "Injika, Mama Upendo. Vikiiva, ndege iko juu ya Njombe." Nami nakutania, "Na kuni zikiwa mbichi, rubani atatungoja?" Unacheka mpaka unakohoa. Siku hizo kilikuwa bado kikohozi cha kicheko tu.

Lakini lipo jambo sijamwambia mtu. Hata mama yako.

Siku ile Bwana Shauri alikubali upande ndege ikirudi, ukatibiwe Mbeya. Mwenzako wa kuwasha moshi uwanja wa ndege alikuwa msibani Mlangali. Nikainjika viazi, si vya kula, vya kupimia tu. Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka vipande vipande. Ukanishika nguo, ukasema, "Mama Upendo, moshi. Nenda ukawashe moshi." Nikadhani ni homa inasema. Nikakufuta jasho. "Tulia, mume wangu, leo wewe ni abiria." Abiria! Nikajiona nimesema neno zuri.

Viazi vikaiva. Tukaisikia. Ikazunguka mara moja, mara ya pili, ikitafuta ule moshi wako wa majani mabichi, unaomwonyesha rubani uwanja uko wapi na upepo unatoka wapi. Moshi haukuwapo. Ikarudi ilikotoka. Hukunilaumu. Uligeukia ukutani tu.

Ndipo nikakupakia kwenye lori la mahindi. Safari ile ile ya chungu kimoja, kwa barabara ni kutwa nzima, na matope yakiwapo hakuna ajuaye. Tulikwama mara mbili kabla ya Makambako. Pale njia panda, tukingoja gari la Mbeya, kichwa chako mapajani mwangu kikawa kizito. Nilijua. Nikaendelea kukupepea hivyo hivyo, watu wasije wakakuondoa mikononi mwangu.

Mama yako ananiambia, "Ni ukungu, mwanangu, usijitese." Naitikia. Si ukungu, Baba Upendo. Ni mimi.

Sasa kazi ya moshi ninayo mimi. Karani wa boma alicheka, "Mwanamke awashe moto wa ndege?" Nikamwuliza, "Na wa jikoni kwako anawasha nani?" Akaandika jina langu.

Leo nimewasha kabla maji hayajachemka. Moshi ukapanda, ukalalia mashariki, ndege ikashuka. Wakampakia mama mmoja aliyeshindwa kujifungua, mumewe amemshika mkono mpaka mlangoni. Sikuweza kuangalia. Nimerudi nyumbani, viazi vimeungua. Upendo amekula hivyo hivyo, hana makuu, kama wewe.

Jumapili baada ya ibada nitamwambia mama yako yote. Akinifukuza, basi. Lakini uwanjani sitoki. Nakuahidi, maadamu nina mikono hii, ndege haitazunguka tena hapa ikitafuta moshi.

Pumzika, mume wangu. Nilikusikia. Nimekwenda kuwasha.

Mama Upendo