Chumvi Haikuzidi

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili

Shikamoo Mama,

Mguu unaendeleaje? Na Neema wangu, bado anagombana na uji wa asubuhi? Mimi mwili mzima, moyo ndio umelala chini. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningelia, na Neema huwa habanduki hapo ubavuni kwako.

Nilikuahidi Desemba naja kumchukua. Mama, siji.

Bosi wangu, yule mzee Mwitaliano mwenye mgahawa kule Randburg, alishasema nitakuwa mpishi mkuu, kwa mkataba. Kwa mkataba huo ningemwombea Neema kibali cha kukaa huku. Ijumaa wakaja ndugu zake kutoka Italia. Nikapika peke yangu, na mgao wa umeme juu yake. Wakala, wakafuta sahani kwa mkate, wakaomba kumwona mpishi. Kwao ndiyo desturi: chakula kikiwakolea, mpishi lazima aambiwe.

Nikatoka na aproni yangu. Mama mmoja mtu mzima akanishika mikono. "Buonissimo! Complimenti alla cuoca!" Yaani kitamu mno, hongera mpishi. Wote wakapiga makofi.

Nami nikafanya ulivyonilea. Wewe hata ukichinja kuku wawili unawaambia wageni, "Mtatusamehe, mboga yenyewe ndiyo hivyo tu." Nikainamisha kichwa, nikajibu kwa Kiitaliano changu cha jikoni, "Hapana, si kitu. Chumvi imezidi, samahani."

Makofi yakakatika. Yule mama akaitazama sahani yake. Bosi uso ukamwiva, akanifuata jikoni.

"Umewaambia ndugu zangu nimewalisha chakula kibaya?"

"Bosi, kwetu ndiyo adabu."

"Adabu gani ya kuniaibisha mgahawani kwangu?"

Jana nimekuta mpishi mwingine kwenye jiko langu. Mimi naosha sufuria. Dada wa Kizulu ninayeosha naye akanihurumia: "Eish, sisi," yaani dada kwa lugha ya huku, "si ungesema tu asante?"

Na chumvi haikuzidi, Mama. Niliionja mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimechoka, na sioni pa kuanzia tena.

Nisalimie mama mdogo Rehema anayekukanda mguu, na kaka Yohana na cherehani yake. Neema usimwambie bado. Nasikia siku hizi anasonga ugali mwenyewe. Ukiusifu, asikuombe radhi. Mwache aseme asante.

Ni mimi mwanao,
Paulina