Kinu cha Mbika

Jumatatu, 7 Februari 2000

Kinu changu cha mbika, mbegu za boga, nimekipoteza Jumamosi. Hakikuibwa. Kipo pale pale mlangoni mwa jiko. Mtu ametwanga karanga ndani yake, basi kwangu kimekufa.

Jana binti yangu Neema alikula kipande kimoja cha mbika na asali. Midomo ikavimba, macho yakafumba, pumzi ikapiga filimbi. Muuguzi alimchoma sindano. Leo anacheza.

Ana miaka sita. Karanga hawezi kabisa. Ndiyo maana natengeneza vipande vyangu: mbegu za mbika vikombe vitatu, mchele wa kukaanga kikombe kimoja, ndizi kavu, asali ya Bafwasende iliyochemka mpaka inavuta uzi. Navifunga kwa majani, havichachi. Mabomu ya mwezi wa nane yalitukimbiza msituni, na huko kila mwenye huruma alimpa karanga. Alizikataa, akalala njaa. Sitaki tena.

Jumanne, 8 Februari

Katika lupango yetu, ua mmoja wa nyumba nyingi, kinu hakinyimwi. Unahitaji, unachukua. Nilipofika kutoka Butembo na furushi moja, mwaka mzima nilitwanga ndani ya vinu vya wengine. Sisahau. Lakini hiki nilisema wazi: hakiazimwi. Jirani, Mama Feza, alicheka mpaka akashika kiuno. "Ile ni kinu ao ni bibi-arusi? Mukifunike na shela basi!"

Nimemuuliza. Ameapa si yeye. Namwamini. Huyu anacheka, hadanganyi.

Anabaki mama mkwe. Nilipomuuliza, aliinama akachambua sombe yake, majani ya muhogo.

Alhamisi, 10 Februari

Nimekisugua kwa majivu na maji ya moto mara tatu. Nikanusa. Karanga. Mti unashika mafuta.

Vipande thelathini na sita nimewapa watoto wa Mama Feza. Wao hawana shida. Hasara ni yangu.

Mbika mpya nimeisaga kwa chupa juu ya sinia. Mgongo unauma. Lakini chupa inaoshwa ikatakata. Donc, chupa basi.

Mume wangu kasema: "Achana na mambo ya kinu. Mama atasikia vibaya." Kumbe anajua. Anajua na amenyamaza. Hasira yangu kwake imepita ile niliyo nayo kwa mama yake.

Jumamosi, 12 Februari

Risasi ng'ambo ya mto Tshopo tangu asubuhi. Halafu kimya. Watu wamefunga mizigo hata hivyo.

Nimefungua mkoba wa Neema niweke vipande vipya. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, karanga za kukaanga. Nimempelekea mama mkwe. Hakuona haya.

"Ndiyo, nilitwanga miye. Na hizi niliweka miye. Karanga inajenga damu. Nililea batoto saba nayo, hakuna mwenye alivimba."

"Neema alivimba, mama."

"Ile ilikuwa asali yako."

Nikaondoka kabla sijasema neno baya.

Mwezi wa nane mimi nilibaki nyuma na bidhaa zangu za sokoni. Neema alitangulia na bibi yake. Bibi yule alimbeba mgongoni siku mbili kwenye matope. Hilo pia nalijua. Anampenda, na atamuua.

Jumapili, 13 Februari

Kimya. Mvua ndogo. Vipande vimeganda vizuri, vimekatika bila kumomonyoka. Neema amekula viwili. Hakuvimba.

Baada ya misa nimekaa mkekani na mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele. Nikachambua naye muda mrefu. Sikupandisha sauti.

Nimemwambia hivi. Mkoba wa mtoto naufunga leo saa kumi. Tukikimbia tena na mukiwa wewe na Neema tu, naye analia njaa, utampa karanga? Ukisema hapana, atatembea na wewe kama zamani, na nitashukuru. Ukisema ndiyo, ao ukinyamaza, nitambeba mimi, na bidhaa zangu zote zibaki hapa zichomwe. Sitaki machozi, mama. Sitaki habari ya watoto saba. Saa kumi nataka neno moja: ndiyo ao hapana?