Bima Imeshuka, Wifi Amenuna

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na naomba usinicheke, kwa sababu anayekuandikia ni mtu aliyeshinda, na sijawahi kusikia mtu akitafuta ushauri kwa kuwa ameshinda. Mimi ni mke wa mtu, kazi yangu ni kuoka mikate, na bekari yetu ina bima ya afya ya kikundi, yetu na ya wenzi wetu, ambayo kila mmoja anakatwa kwenye mshahara, sasa mwaka jana kampuni ya bima ikatuambia mchango unapanda tena, na safari hii unapanda vibaya, vijana wa kupakia mikate wakaanza kujitoa wakisema sisi hatuumwi kwa nini tulipie wagonjwa, na kadiri walivyojitoa ndivyo mzigo ulivyotuelemea tuliobaki, mpaka watu wakatafuta wa kumtupia lawama, wakampata Mzee Chachu. Huyu ndiye mkandaji wetu wa unga tangu bekari ifunguliwe, ana kisukari na anakwenda kliniki kila mwezi, wakapanga kikao tupige kura atolewe kwenye bima ili mchango ushuke. Mzee alisikia yote, akaendelea kukanda.

Sasa ujue kwamba bekarini kwetu kila mtu anakohoa, tumeshazoea, na tuna tabia moja, hakuna anayekwenda hospitali na unga mwilini. Unaoga, unajisugua mpaka nyuma ya masikio, unavaa nguo za kutokea, na daktari akikuuliza kazi unasema nimeajiriwa, basi, maana nani anataka kuonekana amechoka mbele za watu? Lakini siku hiyo kikohozi kilinibana mbele ya tanuri mpaka nikakosa pumzi, wenzangu wakanikimbiza kliniki ndogo ya jirani na aproni yangu, kope nyeupe kwa unga, daktari akanisikiliza kifua, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, wewe unavuta unga. Huko kazini mnavaa barakoa?" Nikaanza kupiga hesabu, kwa sababu kikohozi hichohicho hospitali kubwa walishanipiga picha ya kifua mara sijui ngapi, wakapima damu, makohozi, na hata mkojo, na wenzangu vivyo hivyo, yote kwa kadi ya bima.

Siku ya kikao nikasimama nikamwomba afisa wa bima atuambie pesa yetu inaliwa na nini hasa, naye akasema vipimo vya vifua ndivyo vilivyomeza sehemu kubwa, kisukari cha Mzee Chachu ni kipande kidogo tu. Nikawaambia, jamani, wanaopandisha bima ni sisi tunaojipodoa na kumficha daktari unga. Nikataka tuvae barakoa, tuanzie kliniki ndogo, tumwambie daktari kazi yetu na yeye atuambie kila kipimo ni cha nini, na vijana warudi kwenye bima. Halafu nikawaigiza watu wa maabara wanavyopima mpaka kivuli cha mgonjwa, watu wakacheka hadi machozi. Kura ikapigwa, Mzee Chachu akabaki. Leo vikohozi vimepungua, vijana wamerudi, na wiki iliyopita kampuni ya bima ilituambia mchango unashuka. Unashuka, mshauri. Walinibeba juujuu na aproni yangu, na sijawahi kujisikia mrefu namna ile.

Shida ni wifi yangu. Anafanya kazi maabara ya hospitali ileile kubwa, na vipimo vikiwa vingi posho yake inanenepa. Ndiye aliyenikutanisha na kaka yake. Habari za maigizo yangu zilimfikia, na sasa haniiti wifi, ananiita mwenyekiti. Mbele ya mama mkwe aliniambia, "Umenikatia riziki, na ukanifanya kichekesho." Mama mkwe anataka nikatae uenyekiti wa kamati ya bima nitakaokabidhiwa Jumamosi, ili nyumba itulie. Mume wangu anasema, "Mimi simo," kisha anahamia kwenye televisheni. Nimeshinda, na nyumbani sina wa kushangilia naye. Nikatae?

Mwoka mikate

*

Mwoka mikate,

Pokea kwanza hongera yangu, maana naona huko kwenu hakuna aliyekupa. Umefanya kazi kubwa, na imenifurahisha mno. Sasa kaa nikuseme.

Uenyekiti hukatai. Bima haikupandishwa na mzee anayefuata kliniki yake kwa nidhamu, huyo anaitumia kama ilivyokusudiwa. Inapanda hospitali ikilipwa kwa wingi wa vipimo badala ya mgonjwa kupona, inapanda wazima wakijitoa na kuwaacha wagonjwa peke yao, na inapanda mgonjwa akimficha daktari maisha yake ili aonekane nadhifu. Umeyagusa yote matatu. Ukiachia kiti leo, mwakani mchango ukipanda, Mzee Chachu atapigiwa kura upya. Anayetaka ukatae aende akamwambie mzee huyo usoni.

Lakini wifi yako ulimkosea, na usijifanye hujui. Vipimo haandiki yeye, anaandika daktari. Yeye anapima anacholetewa. Ulijua kikao kile kitamgusa, hukumwonya, ukasimama ukamfanya mzaha mbele ya bekari nzima. Ukweli wako ulitosha bila maigizo.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi uende wewe mwenyewe kwa wifi yako. Si kwa simu, wala kupitia kwa mumeo, ambaye naona ameoa televisheni. Omba radhi kwa mzaha ule, uishie hapo. Kwa barakoa na kura usiombe radhi hata kidogo. Akikutajia posho, mwambie hospitali inapaswa kumlipa mshahara unaomtosha, asitegemee vikohozi vya watu, na akitaka kuudai utasimama naye, kwani kusimama unajua. Kisha mwambie utapendekeza kwa kamati kwamba kila mwaka mtaalamu aje kuwapima mapafu wote wanaoshika unga, kipimo kimoja chenye maana, na ungependa mtaalamu huyo awe yeye, akishafunzwa. Akinuna, muache anune, umeshamwalika.

Mama mkwe mpelekee mkate wa moto na umjibu kwa adabu, "Mama, kazi nimeipokea." Mumeo mwambie Jumamosi akae mstari wa mbele, kando ya Mzee Chachu, apige makofi mpaka mikono imuume. Akirudia kwamba hayumo, mkumbushe kwamba kwenye bima hiyo yumo, na aliyemwingiza ni wewe.

Na siku ya kwenda kwa wifi, toka kazini moja kwa moja, na aproni yako na kope zako nyeupe, akuone ulivyo. Usioge kwanza.