Kompyuta Inayochemka Wakati wa Baridi

Mafiga,
Morogoro.
Jumapili, 20 Julai 2025

Mpendwa Mjomba Athanas,

Shikamoo mjomba. Kabla sijaanza mambo ya huku, niambie kwanza mgongo wako unaendeleaje na baridi ya Durban, na kama ile dawa ya kuchua inakusaidia au unanukia tu bila faida. Shangazi Hosiana presha imeshuka? Na binamu zangu, bado wanakataa ugali?

Sisi huku tu wazima. Mama nilimwacha Matombo wiki iliyopita. Mguu umepungua uvimbe, mdomo haujapungua kitu. Anakusalimia sana na anasema dada hasalimiwi kwa simu miaka yote, uje umwone kwa macho. Barabara ya kule masika yaliila vibaya, ndizi zinafika mjini zimeshapondeka, lakini pilipili manga mwaka huu zimekubali.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu. Nilijaribu kukurekodia kwenye simu, nikifika katikati nashindwa, nafuta. Kwenye kundi la ukoo ndiyo siwezi kabisa, maana aliyeliunda lile kundi ni Castory, na habari yenyewe ni ya Castory. Bahati jirani yangu Angelina anakuja huko kwa mumewe, basi nimempa hii mkononi.

Mjomba, nimesalitiwa. Nimetafuta neno dogo kuliko hilo sikulipata.

Unaikumbuka ile prosesa uliyonitumia mwezi wa nne, ili kompyuta ya studio iache kujikokota ninapotengeneza video za harusi. Ulinieleza kwenye simu kwamba ndani ya boksi umeweka na feni yake kubwa yenye mabomba ya shaba, kwa sababu prosesa hiyo ina nguvu na joto lake si la mchezo. Boksi lilifika siku ileile mama alipoanguka na kuumia mguu. Sikulifungua hata kidogo. Nilimwachia Castory boksi pamoja na ufunguo wa studio, nikapanda Matombo.

Ningemwachia nani mwingine? Fundi kompyuta ni yeye, na zaidi ya ufundi ni mtani wetu, ukoo wake na ukoo wetu tangu mababu. Niliporudi nilikuta kompyuta imeshafungwa, inawaka vizuri, na boksi tupu limewekwa mezani. Kwenye skrubu za kava alikuwa amebandika stika ya duka lake. Akanionya nisije nikafungua mwenyewe, eti nikigusa ndani nitaunguza kila kitu. Nikamshukuru kwa matusi, kama kawaida yetu.

Haikumaliza wiki ikaanza vituko. Nikiandikia watu barua za maombi ya kazi, inakwenda. Nikianza video tu, feni inalia kama mashine ya kusaga, kisha kioo kinakuwa cheusi, imezima. Nikiigusa ubavuni, inaunguza. Nikasema labda ni umeme wa nyumba, nikabadilisha soketi. Nikasema labda ni vumbi, nikachokonoa matundu ya kava kwa brashi ya rangi. Nikaihamisha ukutani nikaiweka dirishani upande wa mlimani, na jioni upepo wa Uluguru ukishuka mimi najifunga kitenge mabegani, yenyewe inachemka. Nikaiwekea na feni ya mezani. Wateja wakawa wananiuliza kama nauguza mgonjwa.

Kila nilipomwita Castory alikuja, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuja, akanywa chai yangu, akaangalia namba za joto kwenye kioo zinavyopanda, akatikisa kichwa kama mtu mwenye huruma.

"Mtani, wewe umezoea kuchemsha maharage. Sasa umemfundisha na mtoto wa watu."

Nami nikamjibu kwamba siku akifa nitauza jeneza lake nimzike kwa majani ya mgomba. Tukacheka, akaondoka, na kompyuta ikazima tena.

Ikaja harusi ya Emmanuel kule Turiani, yule mtoto wa mama mdogo. Nilipiga picha mimi, na familia walitaka video ioneshwe siku ya kuvunja kamati. Niliianza mara tatu, mara zote tatu ikazimia njiani. Castory akaniambia nipeleke kazi dukani kwake, ana mashine mpya. Kweli anayo, mjomba, yenye ubavu wa kioo na taa ndani, na ilimaliza harusi nzima bila hata kukohoa. Nilikaa pembeni yake naitazama kwa wivu. Ndani ya kile kioo nikaona feni moja kubwa, nzuri, ina mabomba ya shaba.

Nikamuuliza, "We Castory, hilo feni la kifahari umelitoa wapi na njaa zako?"

Akanijibu mbele ya wateja wake wote, "Nimemwibia mtani wangu mmoja. Mpaka leo hajashtuka."

Duka zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka nikashika mbavu. Nani angefanya vingine? Mtani akikwambia amekuibia, unacheka. Tungekuwa tunaamini yanayosemwa katika utani, kila mtu mlimani kwetu angekuwa gerezani.

Video ilipooneshwa Turiani, mwishoni likatokea jina la duka la Castory. Langu halikuwepo. Hata hilo nililimeza nikaliita utani, na sasa watu wa Turiani wenye sherehe wanampigia yeye.

Kumbe hakuwa ameshiba. Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja studio, safari hii bila mzaha. Akasema amechunguza sana na kosa ni la prosesa yenyewe. Akasema, "Mjomba wako ameiokota jalalani huko. Niache niitoe niichukue mimi, nitakutafutia nyingine." Hapo sikucheka. Nakujua wewe, mtu ambaye hata viatu vya mtumba unavipiga rangi kabla ya kuvituma. Nikamwambia nitaitoa mwenyewe na nitakurudishia wewe, uwaulize waliokuuzia. Uso ukambadilika, akasema nisithubutu kufungua. Nikajua kuna jambo, ingawa sikujua ni lipi.

Alipoondoka nikaibandua ile stika. Nikafungua skrubu huku natazama kwenye simu jinsi wenzetu wanavyofanya. Mjomba, juu ya prosesa yako ilikuwa imekaa feni yangu ya zamani. Ile ndogo, ya bati jepesi, iliyotoka kwenye kompyuta hiyohiyo kabla hujanitumia chochote. Ninaijua, kuna ubapa wake mmoja umekatika ncha, niliukata mimi mwenyewe mwaka juzi kwa mpini wa brashi. Nikalichukua boksi lako, na ubavuni kuna picha ya kilichotakiwa kuwemo. Mabomba ya shaba, feni pana. Ile niliyoionea wivu.

Nilikaa chini sakafuni. Sikuililia ile feni, mjomba. Nilikuwa nasikia kicheko changu mwenyewe pale dukani.

Wewe ndiye uliyetulea katika utani, na unaujua kuliko mimi. Mtani ana ruhusa ya kumkamata kuku wako. Lakini anamkamata uani kwako, unamwona, unapiga mayowe, majirani wanacheka, na kesho unakwenda kwake unabeba sufuria na mboga ikiwa jikoni. Ndiyo raha yake. Anayengoja umekwenda kuuguza mama yako ndipo aingie kwa ufunguo uliompa mwenyewe, kisha akafunika kwa stika, huyo tunamwitaje? Mimi naona tusimtafutie jina la heshima.

Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani kwake. Aliponiona tu mlangoni akaanza.

"Haya, jini la Matombo limeshuka! Umeleta ndizi au umeleta njaa?"

Nikasema, "Habari za asubuhi, kaka Castory. Watoto hawajambo?"

Akacheka, akidhani ni mtindo mpya. Akanitupia tusi jingine, zuri kweli, siku nyingine ningelikumbuka mwaka mzima. Nikamwambia samahani kwa kukusumbua kazini, nimefuata feni yangu, na boksi lenye picha yake nimekuja nalo. Wateja wakageuka kututazama.

"Lakini mtani, si nilikwambia? Nilikwambia mbele za watu hawahawa! Mtani akichukua hadaiwi."

"Ulinichekesha, kaka. Hukuniambia."

Akaanza kueleza kwamba alikuwa ameazima tu, kwamba angeirudisha, kwamba duka jipya lina mambo mengi. Nilimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo sijawahi kumfanyia tangu tukiwa watoto. Kisha akazima mashine yake, akaifungua, akaitoa, akaifuta kwa kitambaa. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante sana, ubarikiwe, nikatoka.

Niliifunga mwenyewe. Nilipaka upya ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na feni, tone dogo tu kama walivyoonesha, nikakaza skrubu zote nne. Tangu siku hiyo nimetengeneza kipaimara cha Matombo chote, saa nyingi mfululizo, na ukiigusa ubavuni utadhani imezimwa. Prosesa yako ni nzima kabisa, mjomba. Haikuokotwa jalalani, na nimewaambia hivyo wote waliosikia.

Mama sijamwambia. Anampenda Castory, na mwaka ule tulipomzika bibi alisema asingemaliza msiba ule kama si vichekesho vya yule kijana. Sijui nitamwambiaje.

Juzi jioni Castory alikuja studio. Hakuingia, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Akaniambia nimenenepa kama kiboko wa Mto Ruvu. Nikamwambia ahsante kaka, karibu kiti, nikuletee chai? Akasema pua yangu imekaa kama mguu wa kinu. Nikamuuliza kama mkewe anaendelea vizuri. Akaizungusha kofia mikononi. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake:

"Anastasia, nitukane basi. Hata kidogo tu."

Mjomba, matusi yalinijaa mdomoni. Mazuri, ya siku nyingi. Nikamwambia, "Siwezi kukuvunjia heshima, kaka." Akavaa kofia yake akaenda, na mimi nikafunga mlango nikalia.

Najua atakupigia simu ili umwombee kwangu. Sikuombi umkaripie, maana karipio bado ni la watu wa karibu. Akianza kukutania, muulize tu habari za kazi na za watoto, umsalimie vizuri, umuage vizuri. Ataelewa.

Nisalimie sana shangazi Hosiana, mwambie vitenge vyake vinakuja na Angelina pamoja na pilipili manga za mama. Na binamu zangu, Rogers mwambie aache kukua, nguo alizoacha huku hazitamfaa tena. Faraja mbusu mashavu yote mawili. Mama, mama mdogo wa Turiani na Emmanuel na mkewe mpya wote wanakusalimu.

Mungu akutunze mjomba, akupe afya na safari ya kurudi nyumbani tungali hai, na akuzungushie watu ambao unaweza kuwapa ufunguo.

Mpwa wako akupendaye,
Anastasia