Ndevu za Nyumba Yetu

Jumatatu, 3 Februari
Mhariri wa gazeti amekata aya mbili za makala yangu tena. Za mwisho, zenye meno. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili, nikaichana, nikamwandikia ya mstari mmoja. Hiyo ndiyo itamuuma.

Saa nne akaingia Nuru, binti wa dada yangu Zena. Hakuvua buibui. Daktari wa kliniki amemwambia ana PCOS, ugonjwa wa ovari: mayai hayapevuki kwa wakati, hedhi inakuja ikipenda, homoni za kiume zimezidi. Ndiyo sababu ya zile nywele za kidevuni anazozing'oa kwa kibano. Huenda akachelewa kushika mimba. Huenda asichelewe. Nikaha yake na Fahmi ni Ijumaa ya tarehe 21, kabla ya Ramadhani. Mama yake amesema asiambiwe mtu, hasa Fahmi.

Nuru anataka uhakika kabla hajaamua kumwambia. Nimesoma mchana kutwa. Kumbe wanasayansi wanazitafuta alama za ugonjwa huu ndani ya jeni zenyewe! Wali umeungua. Sijali.

Alhamisi, 6 Februari
Kliniki. Nimemtaka daktari ampime Nuru jeni. Akasema kipimo cha jeni cha kuuthibitisha ugonjwa huu bado hakipo. Nikamwambia nimesoma. Akasema naye amesoma. Msichana mdogo, hana hata mvi, na hakutikisika. Alama zimepatikana nyingi, lakini kila moja inasukuma kidogo tu. Wapo wanawake walio nazo na hawaumwi. Na wengi waliopimwa si watu wa pwani hii. Ushahidi wa Nuru ni hedhi yake, damu yake na picha ya ovari. "Huo tunao, Bi. Mate yake kwenye kichupa cha kupimia jeni hayataniongezea kitu."

Akatupa karatasi yenye visanduku. Tuandike jamaa wa pande zote: nani hedhi ilimpotea, nani ana ndevu, nani ana sukari. Hata wanaume, kama walipata upara mapema.

Nilitoka nimefura. Kufika sokoni hasira imekwisha, limebaki swali. Upara wa wajomba una nini na ovari za Nuru?

Jumamosi, 8 Februari
Nimeitoa nasaba ya ukoo kwenye kasha. Tunairingia karatasi hii. Fulani bin fulani bin fulani, vizazi tisa mpaka Hadhramaut, Arabuni. Nikajaza visanduku vyote kwa mwandiko mzuri, nikamwonyesha Nuru.

"Mama mdogo, hawa wote hawana hedhi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliyepigana kwa kalamu miaka ishirini juu ya haki za wanawake sikuona kwamba nasaba nzima haina mwanamke hata mmoja. Bibi yangu alinilea, na sijui mama yake aliitwa nani. Aibu.

Jumapili, 9 Februari
Nimemuuliza Zena kuhusu hedhi: yake, ya mama, ya bibi. Akasema hayo si ya kusemwa, na kwamba nitaivunja ndoa ya binti yake kama nilivyoivunja yangu. Nikamjibu vibaya. Hatukuagana.

Jumanne, 11 Februari
Kuna mtu mmoja mjini anayeijua miili yetu yote: Bi Mwanakombo. Kabla ya harusi yeye ndiye humsugua bibi harusi singo ya manukato na kumtoa malaika, vile vinyweleo vya mwilini, kwa sukari iliyopikwa na ndimu. Ameandaa maharusi wa nyumba yetu tangu ujana wake. Na hasemi. Ndiyo sababu anaitwa kila nyumba.

Nilimhutubia robo saa juu ya sayansi. Alikuwa akitafuna tambuu.

"Umemaliza, mwanangu? Siri za watu si makala yako."

Nuru, niliyekwenda naye, akafungua mtandio, akainua kidevu. Bi Mwanakombo akakipapasa kwa kidole gumba.

"Ndevu za nyumba yenu hizi. Bibi yake Zena alikuwa nazo. Na huyu bingwa wa maneno hapa, siku ya harusi yake nalishinda naye kutwa moya kuzitoa. Mamake akaniapisha nisiseme."

Bingwa ni mimi.

Jumatano, 12 Februari
Basi niandike. Jumatatu ile nilisoma dalili moja baada ya nyingine na kila moja ilikuwa yangu. Sikuandika. Nimempigia Zena kelele kwa kuficha, na mimi nimeficha hata kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Nilikaa na mume miaka sita, nikaachwa kwa jina la tasa. Hakuna aliyenipima. Nina hasira na mama, Mungu amrehemu. Nina hasira zaidi na nafsi yangu.

Lakini bibi alikuwa na ndevu hizihizi na alizaa watoto saba. Mimi, hata mmoja. Kama urithi ni mmoja, mbona hukumu mbili? Nimezunguka na swali hili siku nzima. Ni swali zuri mno.

Ijumaa, 14 Februari
Tumempelekea daktari karatasi mpya, ya wanawake, kwa maneno ya Bi Mwanakombo na yangu. Aliisoma mpaka mwisho. Akasema hii imemfaa. Upara wa wajomba, alisema, huenda ni jeni hizohizo kwa wanaume. Swali langu la hukumu mbili alilijibu bila kujidai: jeni zinaelekeza, hazihukumu. Umri, mwili, maisha, bahati, vyote vina mkono, na mengine bado hayajulikani. Nimeipenda hiyo "hayajulikani". Wanaume wetu waandishi hawaijui. Dawa za kupevusha mayai zipo, wakati wa kutaka mtoto ukifika. Daktari aliweza kusema "wengi huzaa". Hakuweza kusema "utazaa".

Nuru akasema hayo yanatosha kumwambia mtu.

Jumatatu, 17 Februari
Nimeandika makala. Kali kuliko zote. Sikumtaja Nuru, lakini kisiwani hapa nani asingemjua? Ameisoma yote.

"Ni mwili wangu, Mama mdogo, si hoja yako."

Nimeifuta. Nimeumia.

Jumatano, 19 Februari
Fahmi amevuka kutoka Mokowe, bara, anakofanya kazi gatini. Nilikaa nao ukumbini, mdomo nimeufunga. Nuru alisema yote, mpaka ndevu. Fahmi alitazama miguu yake.

"Inauma?"

"Hapana."

"Basi nipe mpaka kesho."

Akaondoka bila kunywa kahawa. Zena hanisemeshi. Fahmi asiporudi, nitasema bado ilikuwa haki kumwambia. Sijui kama nitajiamini.

Alhamisi, 20 Februari
Adhuhuri, kimya. Alasiri, kimya. Nuru anakunja nguo alizozikunja asubuhi. Bi Mwanakombo amekaa jikoni na sukari yake. Haiweki motoni mpaka aambiwe.

Karibu na magharibi simu ikalia. Fahmi. Mama yake hakubali. Yeye amekubali. Nikaha ipo. Halafu akauliza kama dada yake naye anaweza kwenda kwa daktari huyohuyo.

Nuru akaenda jikoni. "Washa jiko, Bi."

Jumamosi, 22 Februari
Wameozwa jana. Mama yake Fahmi hakuja. Watu wameuliza. Acha waulize.

Leo nimebaki na Zena tukiosha sahani za kuazima. Bila kunitazama akasema alimngoja Nuru miaka minne. Kila hedhi ilipokawia, mavyaa wake, mama wa mumewe, alianza kushona nguo za mtoto. Mara tano.

Nilikuwa na maswali kumi. Nikauliza moja: ilianza kukawia lini.

Zena akafuta mikono, akavuta kigoda, akakaa.