Mstari Wangu Juu ya Mlango wa Ofisi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usilitaje jina langu wala la shule (ya wengine nimeyabadilisha), kwa sababu huku kwetu pembezoni mwa Temeke mimi bado ni mgeni, ingawa nilihama Kipawa zamani, tulipopisha ujenzi wa uwanja wa ndege, na minazi niliyoipanda hapa imeshazaa, na wajukuu wangu hawajui kwao kwingine, lakini nikikosea jambo dogo tu nasikia mtu nyuma yangu anasema, "Si wale wa kuja."

Ndiyo maana nilipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule yetu ya msingi nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Kata yetu ina shule chache za serikali, na tuliambiwa kila moja iandike ukutani dira, dhamira na maadili yake, walimu wakaleta maneno makubwa makubwa, ubora, umahiri, ushindani, mie nikaomba uongezwe mstari mmoja wa kwangu, nao upo mpaka leo kwa rangi ya bluu juu ya mlango wa ofisi: KILA MTOTO ALIYEFIKA GETINI NI WETU. Niliuomba kwa sababu tulipohama, binti yangu wa mwisho alizungushwa shule hii na ile akiambiwa darasa limejaa, akakaa nyumbani mpaka kusoma kukamtoka, na nafasi ilipopatikana aliona haya kuketi na watoto wadogo, akaacha.

Sasa, mwaka jana shule yetu ilishika mkia katika kata, na mwaka huu mwalimu mkuu, Mwalimu Atuganile, mama mchapakazi ambaye sina ubaya naye, hana raha kwa sababu ya mtihani wa darasa la nne. Darasani humo kuna binti anaitwa Recho, anaimba vizuri, hesabu za kichwa anazifanya haraka kuliko mimi, lakini kusoma hajui. Mwalimu akaniita ofisini, akasema, "Shikamoo mzee wangu. Tunaomba ukaongee na mama Recho, amhamishie ile shule ya ng'ambo ya barabara kabla hatujapeleka majina ya watahiniwa. Wewe mtu mzima, atakusikiliza." Nikamuuliza, "Mwalimu, huko si kumfukuza?" Akacheka kidogo. "Aah, mzee nawe! Nani kasema kufukuza? Ni kumhamisha tu." Hiyo "tu", mshauri, naijua tangu Kipawa, nimewahi kuipakia kwenye lori pamoja na vitanda vyangu. Na barabara yenyewe ndiyo ile ya malori ya mchanga.

Hata hivyo nilikwenda. Mama Recho, jina lake Marietha, anakaanga maandazi nje ya chumba alichopanga, na aliponiona alifuta mikono kwenye kanga, akanivutia kigoda, akanimiminia chai ya tangawizi, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Shikamoo baba. Mwenyekiti mzima kuja kwangu! Nilikuwaga nasikia wanavyomsema mwanangu huko shuleni, nasema huyu mtoto hana mtu. Kumbe anaye." Recho naye akaja kunipokea mkongojo, akasema, "Babu, yale maneno ya mlangoni si umeyatunga wewe? Nayajua." Akayatamka yote, ananitazama usoni, hakukosea hata moja, na nilijua kwamba ameyashika kwa kusikia wenzake wakiyasoma.

Nikanywa chai, nikasifu maandazi, nikafungiwa machache, nikaaga. Nyumbani mke wangu Rosalia akaniuliza imekuwaje, nikamweleza, akasema, "Umetumwa kupeleka msumari, umerudi na maandazi mfukoni! Mwanaume wewe."

Kesho yake mwalimu akaniuliza, "Mzee, ulifika kwa mama Recho?" Nikajibu, "Nilifika." "Akasemaje?" "Alinishukuru." Kila neno ni kweli, na yote kwa pamoja ni uongo, maana sasa mwalimu anaamini mtoto anahama, na mama anaamini mtoto ana mtetezi, na kikao cha kamati ni wiki ijayo, ambapo jambo hilo litasomwa kama limekwisha kukubaliwa, nami nikiwa nimekaa mbele. Nikilipinga, nitakuwa mtu wa kuja aliyepewa kiti akaiangusha shule. Nikinyamaza, binti yule atasimama kwenye geti la watu wengine kama alivyosimama wangu. Nikipita karibu na ofisi siinui macho. Nifanye nini?

Mzee mwenye wasiwasi, Temeke


BI ELIAICHI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu. Ipokee vizuri, maana baada yake sina upole mwingi.

Pole kwa nyumba uliyoiacha, na pole zaidi kwa binti yako. Anayekuambia usahau hajawahi kuhama.

Lakini tuambiane. Unawaogopa watu waliokuchagua. Wamekupa kiti, wewe bado umekalia ukingo wake, tayari kuinuka mwenye nacho akija. Kaa, mzee. Ni chako. Wala mwalimu usimfanye zimwi. Yeye alikuomba jambo baya kwa maneno ya wazi, wewe ukamjibu kwa kujipinda. "Alinishukuru"! Majibu ya hivyo tuwaachie watoto waliovunja kikombe.

Ukishasoma gazeti hili, usingoje kikao. Ukimuumbua mwalimu mbele ya wajumbe atatetea heshima yake, na Recho atasahaulika hapo hapo. Mfuate ofisini asubuhi, peke yako, umwambie: "Mwalimu, ujumbe wako sikuufikisha, na sitaufikisha." Kisha nyamaza. Mwache akasirike, ana haki hiyo. Umempotezea siku zake.

Akitulia, usimwachie mzigo. Kushusha wastani si sababu ya kumwondoa mtoto, na mkimuuliza afisa elimu kata mbele ya wazazi sidhani kama atathubutu kusema vingine. Mtoto anayepiga hesabu kichwani na kushika mstari mzima kwa kuusikia si mjinga. Apelekwe akapimwe macho, na masikio pia. Halafu wewe, unayeandika barua ndefu namna hii bila kupotea njiani, mchana una kazi gani? Omba chumba kimoja baada ya masomo. Kaa na Recho na wenzake, maana hawezi kuwa peke yake. Anza na mstari wako: tayari anaujua kwa moyo, sasa aoneshwe kwa kidole "kila" ni lipi na "mtoto" ni lipi.

Huenda mwaka huu asifaulu. Huenda mkashika mkia tena. Mkishika, simama kwenye mkutano wa wazazi ueleze sababu, kwa sauti, na wenye kukuita wa kuja waite.

Jioni hiyo hiyo nenda kwa Marietha, umwambie ulikuwa umetumwa nini siku ile. Ataumia. Ni bora aumie mbele yako kuliko alisikie kwa jirani anayekuja kununua maandazi.

Na ukishindwa yote haya, basi chukua brashi na chokaa, ukaufute mstari wako mchana kweupe watoto wakitazama, na Recho akikuuliza, "Babu, unafuta nini?" umjibu. Ukiona jibu halitoki, weka brashi chini uingie ofisini. Ile chai ya tangawizi Marietha alimwekea mtetezi wa mwanawe, na aliyeinywa ni wewe.